Kichwa cha Babu cha Mti wa Mkunazi

Krrii-kraa, krrii-kraa. Mpaka leo nikifumba macho naisikia. Uta unakwenda na kurudi, kamba yake imezungushwa kwenye kipande cha mti, mti unazunguka mbele kisha unarudi nyuma, na patasi inaukwaruza kila ukija mbele. Fundi mwenyewe amekaa chini. Mkono mmoja unasukuma uta, na patasi ameishika kwa mkono wa pili akiikingia kwa vidole vya mguu. Vidole vya mguu! Mimi sikuwahi kuona mtu akifanya kazi kwa vidole vya mguu, isipokuwa mama akiokota kijiko bila ya kuinama.

Ilikuwa Matrah, kwenye kichochoro kimoja cha soko, na mimi msichana wa miaka kama kumi na mitatu. Mama alikwenda kununua mti wa kusukumia chapati. Fundi yule, Mbulushi mwenye ndevu zilizojaa vumbi la mbao, alikuwa mkereza: akikereza miguu ya vitanda, michi, na pia za kuchezea watoto. Nikamtazama anavyoutoa ule mti wa chapati ndani ya gogo kama mtu anayemenya ndizi, na fikra ikaniingia hapo hapo. Fikra zangu zilikuwa zinaingia bila ya hodi.

"Mama," nikasema, "huyu anaweza kukereza faruma."

Mama akanitazama. "Ya nani?"

Alijua ya nani. Nyumbani kwetu Maskati tulikuwa watu watatu tu: mama, mimi na babu, baba yake baba. Baba alikuwa kazini Kuwait. Na babu alikuwa hatoki nje mchana kwa sababu ya kofia.

Nieleze. Tulipotoka Unguja, miaka ile ya sitini na kitu, babu alisafiri na kofia moja, ya vito, yaani ya matundu, aliyoishona marehemu bibi. Kofia za namna ile ni kazi ya wanawake, vitambaa viwili vimewekwa pamoja, kisha kutobolewa matundu madogo madogo, na kila tundu kuzungushiwa uzi mweupe mpaka macho yaume. Bibi aliishona miezi mingi, akafariki hajashona nyengine. Njiani, melini, wimbi likaingia mpaka pale tulipokaa, kofia ikaroa maji ya chumvi, na mtu mmoja kwa wema wake akaianika kwenye kamba. Kofia haianikwi kwenye kamba. Kofia ikishafuliwa huvishwa faruma, kigogo kilichochongwa kwa kadiri ya kichwa cha mwenyewe, ikakaukia pale isipate kurudi ikawa ndogo. Sasa ya babu ilirudi. Ilimkaa utosini kama kikombe cha kahawa juu ya mchi.

Mama alimnunulia nyengine nzuri kabisa. Babu alishukuru, akaitia sandukuni. Alfajiri alikwenda msikitini amejitanda shali kichwani na kurudi upesi. Lakini barazani, wanapokaa wanaume baada ya laasiri, hakanyagi. Kila siku mzee jirani akipita chini ya dirisha na fimbo yake, akipiga kelele:

"We mzee! Umeolewa huko ndani? Umetawishwa?"

Na babu akijibu kutoka ndani: "Nenda zako, wewe mwenye kichwa cha kuazima!"

Mimi nikicheka, kisha nikimwangalia babu, naye hacheki. Anasikiliza ile fimbo inavyokwenda mpaka isisikike tena.

Mama alikuwa ameshajaribu kuyatengeneza mambo. Alichukua kofia kuukuu ya baba kwanza, kwa majaribio, akaifua na kuivisha kopo kubwa la nyanya lililotoka Utaliani, lenye picha ya nyanya nyekundu. Ikakauka na kutu na mistari ya kopo, na ukubwa wa kumvika paka. Babu akaapa: "Yangu haiguswi na mtu!"

Basi pale Matrah mama akamweleza fundi, kwa Kiarabu chake cha kule kwetu na mikono yake miwili. Fundi hakuwahi kuiona faruma maishani, lakini alifahamu mara moja. Akachukua gogo la mkunazi, akaligongagonga.

"Huu haupasuki. Nitaufanya juu mwembamba, chini mpana. Kofia mtaivuta kidogo kidogo, itafunguka. Lakini nileteeni kichwa."

"Kichwa?" mama akashtuka.

"Kipimo chake, mama, kipimo!"

Tukarudi nyumbani kwa miguu, juu ya kilima, mimi nimeshaota faruma za ukoo mzima zimepangwa kwenye rafu, vichwa vyote vya mti vinaniangalia. Nikachukua uzi, nikamwendea babu.

"Babu, nipe kichwa nikupime."

Aliruka kitandani kama kijana. "Unipime? Umeniona nimekufa? Anayepimwa kwa uzi ni maiti, akatiwe sanda!"

"Na kanzu zako je, zashonwaje?"

"Fundi nampa kanzu kuukuu, akaiigiza. Mimi mwenyewe hanigusi. Ondoa uzi wako!"

Na hakuwa anafanya mzaha. Alishika ule uzi, akaukatakata vipande, akavitia mfukoni. Tangu tufike alikuwa ameshawazika wenzake wawili watatu tuliosafiri nao. Nikasikia vibaya, nikaenda jikoni nikawa nachambua mchele ambao mama ameshauchambua.

Jua la Maskati ndilo lililonisaidia. Majabali yamezunguka mji mzima, mchana yanameza joto, na babu kichwa humuuma. Dawa yake ilikuwa hina. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpaka, nikamfunga kitambaa, akalala nayo mpaka ikakauka. Siku hiyo aliponiita, "Njoo unitilie hina, ubongo unachemka," nikaenda kwanza kuchukua kanga kuukuu.

Nikampaka. Nikachana ukanda mwembamba wa kanga, nikauzungusha mara moja tu, sawasawa pale kofia inapokaa, juu ya nyusi na juu kidogo ya masikio. Nikapiga fundo.

"Mbona leo kitambaa chembamba hivi?" akauliza.

"Upate upepo, babu."

"Ahsante, mjukuu wangu. Unanifikiria."

Ilinichoma kidogo ile ahsante, lakini nikastahamili. Hina ilipokauka nikauvua ukanda mzima mzima, kama pete, fundo lake halikufunguliwa. Kesho yake tulikuwa Matrah.

Fundi aliugeuza ule ukanda, akaunusa, akacheka mpaka vumbi likamtoka ndevuni. "Mzee ana kichwa hiki, au ana kichwa na hina?"

"Na hina," nikasema.

"Basi nitaitoa hina." Akaminya baina ya vidole donge kavu lililoshikana na kitambaa, aone unene wake. Kisha krrii-kraa, krrii-kraa. Nilikaa pale nikaona kichwa cha babu kinatoka ndani ya gogo, mviringo, kilaini, rangi ya asali. Mama alikuwa ameuchoka mwendo akasinzia juu ya gunia. Mimi nilikuwa sitaki kiishe.

Tulipofika nyumbani babu aliikuta faruma juu ya meza.

"Hiki nini?"

"Kichwa chako, babu," nikasema.

Akakiangalia, akakizunguka. "Mbona hakina masikio?"

"Yamebaki kwako."

"Na nani kakipima?"

Mama akaanza kukohoa. Nikasema, "Fundi anajua vichwa, babu." Na kweli alijua, baada ya kuonyeshwa. Babu akakaa, akaiwekea mkono faruma utosini, kisha akajishika utosi wake. Alifanya hivyo mara nyingi. Mwisho akaitoa ile kofia chini ya mto na kunipa mimi, si mama.

"Ikikatika," akasema, "usinionyeshe. Ifiche tu."

Basi nikaifua kwa maji ya kisima na sabuni, taratibu, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga. Nikaichovya katika kanji, yaani maji mazito ya mchele, nikaiweka juu ya faruma. Ilikataa. Nikaivuta upande huu kidogo, na upande huu kidogo, mama ameishika faruma isizunguke. Ikashuka ukucha mmoja. Nikavuta tena. Tik! Uzi umekatika.

Mama akafunika uso. Mimi nikainama, nikatafuta palipokatika, nikapaona, na badala ya kulia nikaanza kucheka. Lilikuwa tundu moja karibu na mshono, limekwenda upande tangu zamani. Nililishona mimi. Nilikuwa mdogo, nimekaa miguuni kwa bibi namtilia uzi sindanoni, nikamlilia anipe zamu, akanipa tundu moja. Yake yote yalishika. Langu ndilo lililoachia.

Ilikauka siku nzima juu ya paa, mimi nimekaa nayo nafukuza nzi. Ilipotoka ilisimama yenyewe, nyeupe, inalia kwa kanji ukiigonga. Babu akaivaa mbele ya kioo. Ikakaa pale pale, juu ya nyusi, juu kidogo ya masikio.

"Kuna tundu moja limeachia, babu," nikamwambia. "Nitalishona."

Akalipapasa kwa kidole bila ya kulitafuta, kumbe analijua lilipo. "Lako hilo. Liache. Hapo patapita upepo."

Laasiri ikafika, na fimbo ya jirani ikaja chini ya dirisha. "We mzee! Umezaa huko ndani?"

Babu akavaa makubadhi. Alishuka ngazi. Mimi na mama tukakimbilia dirishani. Jirani alipomwona akarudi nyuma hatua mbili, akamwangalia kuanzia kofia mpaka makubadhi.

"Alaa! Nani huyu? Nani anaoa leo?"

"Tembea wewe," babu akasema, "usinipige kanzu kwa hiyo fimbo yako." Wakaondoka, wanagombana mpaka kona.

Mama akaenda kutia maji ya chai. Mimi nikapanda juu ya paa peke yangu. Ule ukanda wa hina, alionirudishia fundi, nilikuwa nimeuficha chini ya mtungi, bado mviringo, kadiri ya kichwa cha babu. Fundo lilikuwa limekauka kama jiwe na kucha hazikuliweza, nikalitia menoni, uchungu wa hina ukanijaa mdomo mzima, nikavuta mpaka likafunguka. Kisha nikaunyoosha ukanda juu ya goti, ukawa kitambaa tu, si kipimo cha mtu tena.