Upande wa Pili wa Meza

Shangazi yangu alifunga miavuli ya jeshi maisha yake yote ya kazi. Si miavuli ya mvua, ingawa majirani walimtania kila mawingu yalipotanda: "Mama Mwavuli, leo utatusitiri?" Yeye alifunga ile ambayo askari huibeba mgongoni kabla ya kuruka kutoka kwenye ndege. Ukimuuliza kama kazi ni ngumu, alikujibu kwamba ni kama kukunja shuka, ila shuka ikikunjwa vibaya hakuna anayekufa.

Meza ya kufungia ilienda kutoka ukuta hadi ukuta, na kazi ilitaka watu wawili. Mmoja alikunja kitambaa, mwingine alisimama upande wa pili akivuta kamba na kukagua. Anayekunja hutaja kila hatua kwa sauti, na haendelei mpaka mwenzake aitikie. Mwenzake shangazi alikuwa sajini wa nchi rafiki, nchi iliyokuwa na mkataba wa ulinzi na yetu tangu shangazi hajaajiriwa. Miavuli ilitoka kwao, na kwa utaratibu lakiri ya mwisho, alama kwamba mwavuli umekaguliwa, ilibandikwa na mkono wao. Sajini huyo tulimwita Mgeni. Alikaa nasi hadi akaota mvi na jina likawa kichekesho, lakini lilikuwa limeshaganda.

Alikuwa mkimya, mwenye masikio makubwa. Shangazi alikuwa mjane asiye na mtoto. Mchana walikula pamoja kwenye kizingiti cha ghala, kila mtu na bakuli lake, wakibishana kuhusu mvua, viatu na magoti yao. Watu walisema yao. Mimi nadhani shangazi alimpenda. Sikumuuliza, maana shangazi haulizwi mambo hayo.

Kisha serikali ikaamua nchi ijitegemee katika ulinzi wake. Ilikuwa haki, sina ugomvi na hilo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hata ndugu mwema huchoka. Urafiki wa majeshi haukuvunjika, mkataba ulibaki palepale, ila kitambaa kikaanza kufumwa hapa nyumbani na wakufunzi wakarudi kwao. Mgeni alimuaga shangazi kwa kumpa mkono mbele ya askari waliojipanga mstari. Alisema anaiacha miavuli kwenye mikono salama, basi, akapanda gari.

Shangazi akapewa askari wasichana wawili awafundishe. Siku ya kwanza alitaja hatua, akatulia na mikono juu ya kitambaa, akingoja. Wasichana wakatazamana.

"Mama, samahani," mmoja akasema, "hatujaelewa."

Kumbe alikuwa ametaja kwa lugha ya Mgeni, kama alivyozoea. Alicheka pamoja nao. Jioni aliponisimulia hakucheka.

Nyumbani akawa anafungua redio asubuhi na kuiacha iongee hadi usiku. Siku moja alinipigia simu kuniuliza bei ya sabuni, naye anaishi mlango wa pili kutoka dukani. Nikamwomba ahamie kwangu. Akasema kwangu kuna watoto wengi na choo kimoja.

Kisha Mgeni akapiga simu. Wakubwa wake walikuwa tayari kumrudisha akae muda mrefu, ila ni lazima kambi yetu iseme kwamba haijaweza kujitegemea. Mkuu wa kambi angemsikiliza mkuu wa meza, na mkuu wa meza sasa alikuwa shangazi.

"Neno lako linatosha," Mgeni alimwambia.

Shangazi alikuja kwangu siku hiyohiyo kunieleza, akakaa bila hata kuvua kitambaa cha kichwa.

"Sasa utasemaje?" nikamuuliza.

"Sijui, mwanangu. Nimechoka kula peke yangu."

Hakuwahi kunitamkia neno kama hilo, hata tulipomzika mume wake.

Mkuu wa kambi alipanga siku ya majaribio. Askari wangeruka na miavuli ya kitambaa chetu, iliyofungwa na wale wasichana, lakiri ikiwa yetu. Ndugu wa wafanyakazi tulialikwa, nikasimama uwanjani kando ya shangazi. Ndege ikapita, wakaanza kumwagika. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mwavuli mmoja ukachanua, ukafuata mwingine, watu wakapiga makofi.

Mmoja ukachelewa. Askari akawa anashuka tu, na kamba nyuma yake hazijakaza. Shangazi akanishika mkono. Mungu anisamehe, nilijiuliza moyo wake unaomba nini. Halafu nikamsikia ananong'ona, "Funguka, mwanangu, funguka," na mwavuli ukafunguka, naye akakaa chini kwenye majani akalia waziwazi.

Mkuu wa kambi akamjia na kuinama.

"Mama, neno ni lako. Tuwaombe wenzetu wamrudishe sajini?"

Shangazi alijifuta uso kwa kiganja.

"Tuko tayari, afande."

"Hata kwa muda kidogo tu, akushike mkono?"

"Wasichana wanajua kazi. Akija atakaa bure."

Mkuu akampigia saluti, akaenda kuwapongeza askari. Shangazi akatoa simu na kumpigia Mgeni papo hapo, spika ikiwa wazi, nikasikia yote.

"Imefunguka yote," akasema.

"Yote?"

"Yote. Mmoja ulichelewa kidogo, ukafunguka."

Mgeni akampa hongera. Kisha akasema, "Kwa hiyo hamnihitaji."

"Nchi haikuhitaji tena," shangazi akasema.

Akaibana simu sikioni, akangoja aulizwe, "Na wewe je?" Mgeni akamtakia afya njema, akakata.