Nilimtoa binti yangu netiboli ili asome, sasa haongei na mimi

Wakuu, heshima kwenu. Haya ni ya nyumbani kwangu, sijahadithiwa, na sijajipendelea popote.

Mie ni karani, naishi Segerea na mke wangu na binti yetu wa pekee, Upendo.

Upendo ana kigugumizi tangu utotoni. Mie subira sina, nilikuwaga namalizia sentensi zake.

Kidato cha kwanza akaanza netiboli shuleni. Siku moja nimemfuata, nasikia mtu anapaza sauti uwanjani: "Nipe mie! Rudisha nyuma!"

Ni yeye. Hajakwama hata neno moja.

Mtoto akabadilika. Anakula, analala vizuri, marafiki wanakuja nyumbani. Hata darasani akaanza kunyoosha mkono.

Kidato cha pili akashuka hesabu. Kidogo tu, wakuu. Mie nikapandwa na hasira, nikaenda shule kumwambia mwalimu wa michezo kwamba kuanzia leo mwanangu hachezi.

Yule mwalimu akanijibu taratibu, "Baba Upendo, usimtoe. Huku ndiko anakopata sauti."

Nikamwambia netiboli haijawahi kumpa mtu kazi benki. Hapo nikajiona nimeongea pointi!

Upendo alikuwa kasimama pembeni. "B-b-baba, na... na..."

Nikammalizia: "Najua, utasoma."

Mpaka leo sijui alitaka kusema nini.

Nikampeleka twisheni kila jioni. Marafiki wakakata mguu. Darasani mkono ukashuka. Na hizo hesabu zenyewe zikaanguka zaidi.

Mke wangu akaniambia, "Umemfungia mtoto, baba Upendo. Usijifanye huoni."

Mwaka jana nikarudi shule kuomba. Mwalimu akakubali bila kinyongo. Nikanunua na raba mpya, nikaziweka mlangoni kwake.

Asubuhi nikazikuta palepale, na karatasi juu: "Asante baba. Sichezi tena."

Sasa yupo kidato cha nne. Akiwa na mama yake anaongea mawili matatu. Na mie ni meseji tu. Jana tumekaa sebule moja, meseji yake ikaingia kwenye simu yangu: "Baba, chakula tayari."

Nikajibu kwa meseji. Ningefanyaje?

Nilichojifunza: nilidhani mchezo unamwibia muda wa kusoma. Kumbe ndio uliokuwa unamfanya ajiamini, hata huko darasani.

Mliowahi kumpoteza mtoto mkiwa nyumba moja, akarudi, niambieni mlianzia wapi. Wenye matusi pia shusheni, nitayasoma yote.