Mstari Mdogo Chini ya Jicho

"Huyu hatamaliza masika moja hapa Kamembe," walisema majirani. "Kuuza vioo vya kutia mu jicho? Batu habana hata lunette ya kuvaa ku pua!" Na kinyozi wa mlango wa pili akamalizia mbele ya wateja wake: "Dokta wa macho, naye amevaa machupa!"

Machupa, ni kweli. Miwani yangu ilikuwa minene. Macho yangu hayakuumbwa duara. Kwa mbele yamejipinda kama mgongo wa kijiko, na kila taa naiona ina mkia. Chuoni Ubelgiji tuliiita astigmatismu. Nilipata diploma ya kuitibu, mimi niliyezaliwa uhamishoni na kujilipia masomo kwa kuosha sahani. Hakuna aliyenishika mkono. Nilirudi kwenye mji wa wazazi wangu, wao wakiwa wamekwisha kuzikwa mbali, nikafungua duka peke yangu.

Peke yangu, ila kwa vitu vya watu. Kinyozi aliniazima kioo cha ukutani. Seremala aliniazima meza. Maman mmoja wa Bukavu, aliyevuka mpaka kila siku kuuza vitenge, aliniazima kiti chenye mgongo. Kila mmoja alipita kukagua mali yake. Kinyozi alikifuta kioo kwa mkono wa shati. Maman alikalia kiti chake, akavua viatu, akapumzika kabla ya kurudi ng'ambo. Hao ndio walionisalimu. Jumapili hakupita mtu.

Nani angenunua lenzi kwa mwenye machupa? Ilinibidi nivae zangu kwanza, la sivyo nifunge duka.

Lenzi za macho kama yangu hazichaguliwi kwa kunakili namba za miwani. Miwani inashikwa na masikio, lenzi inaogelea juu ya jicho. Ndiyo maana chini ina uzito kidogo, na mstari mdogo wa kuonyesha imetulia wapi. Ikizunguka, herufi zinalala. Jozi yangu ya kwanza ilizunguka. Dawa yake niliijua: kupima mstari umeinama kiasi gani, kisha kuagiza lenzi inayofidia mwinamo huo. Nilijaribu kwa kioo cha kinyozi. Nikikaribia, pumzi yangu inakitia ukungu. Nikirudi nyuma, sioni kitu. Kazi hiyo inataka mtu wa pili.

Nikamwomba maman anitazame jicho.

"Mimi? Na bibi yako akitukuta, Papa?"

"Sina bibi, sijaoa."

"Hata wa kuazima?"

Alicheka, kisha akashika kurunzi na kusogea hadi nikasikia harufu ya vitenge vipya.

"Naona kamustari. Kamelala ku pua."

Nikampa kijiti cha kiberiti, akakilaza mezani kama alivyouona mstari, nami nikapima.

"Una macho mazuri," alisema. "Juu ya nini uliyaficha mu machupa?"

Tangu mama yangu afe, hakuna aliyekuwa amenitazama karibu hivyo.

Jozi ya pili ilitulia. Nilisimama kwenye mlango wa kinyozi bila miwani, nikasoma kwa sauti maandishi ya duka la ng'ambo ya barabara, hadi yale madogo ya chini. Siku iliyofuata kinyozi akaniletea binti yake. Wengine wakafuata, hata kutoka Bugarama; waliofanya kazi kwenye vumbi la mashine za mpunga niliwakatalia lenzi, nikawapa miwani. Fundi wa kweli hujua kukataa.

Ndipo nikanunua meza yangu, kioo changu, kiti changu. Niliwarudishia wote vitu vyao siku moja, nikiwa na suti. Sikubaki na msumari wa mtu.

Maman alikuja wa mwisho.

"Unanifukuza, Papa?"

"Nakurudishia mali yako, Maman."

"Haya."

Akavaa viatu, akajitwika kiti kichwani, miguu yake minne ikitazama mbingu, akashika barabara ya mpaka. Nilisimama mlangoni. Niliona maua ya kitenge chake, hata misumari ya kile kiti, wazi kabisa, mpaka alipokata kona.