Maji ya Upande wa Matete

Ukitoka barabara kuu pale Lamadi kwenda ufukweni, siku hizi kuna kibao kilichochorwa hema na mwavuli. Niliposhuka kwenye pikipiki mwezi uliopita nilidhani dereva amekosea njia. Nilikuwa natafuta mwalo, mahali mitumbwi ya wavuvi inapoegeshwa. Nikakuta geti, nyasi zilizofyekwa, na mahema ya kijani yaliyopangwa kutazama ziwa. Watalii hulala hapo kabla ya kuingia hifadhini. Msichana wa mapokezi aliniamkia, akanionyesha ghuba ndogo upande wa kulia.

"Pale unaweza kuogelea, mama. Maji yametulia, hayana wimbi hata kidogo."

Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya ghuba hiyo. Nyumbani Nkololo mafundi walikuwa wanasakafia makaburi ya ukoo, na baba mdogo alikuwa amenipa mpaka Jumamosi nimletee mtu mzima atakayesema alimwona shangazi yangu akifa hapa. Bila hivyo, alisema, hawezi kumjengea kaburi mtu ambaye kijiji kizima kinajua aliolewa na mvuvi.

Acha nikueleze tulifikaje huko. Kila mwaka, pamba ikishauzwa, bibi alijaza magunia ya michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, akatupandisha kwenye lori pale Dutwa. Sisi watu wa ng'ombe tulikwenda ziwani kubadilishana michembe na dagaa. Tulijenga kibanda cha matete mchangani, bibi, shangazi na mimi, tukakaa hapo mpaka magunia yote yawe ya dagaa. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa likizo. Giza likiingia, karabai za wavuvi zilitapakaa ziwani ungedhani kuna mji huko, na viboko walikoroma karibu hata nikajificha chini ya mkono wa shangazi. Mchana nilikuwa na kazi moja, kugeuza dagaa mchangani na kuwafukuza korongo, ndege wakubwa wasio na haya ambao hukusogelea kama wanakudai. Tulikula ugali wa mtama na sato wa kuchemsha, na mchuzi wake ulinata vidoleni hadi jioni.

Jirani yetu alikuwa mke wa mvuvi, mwanamke mwenye sauti iliyofika hadi kwenye mitumbwi. Kila asubuhi alipita kibandani kwetu kumwamkia bibi kwa Kisukuma, akimwita mama. "Mwangaluka, mayu!" Bibi akijibu, anamgeukia shangazi. "Na wewe, mwaka huu tunakuoza hapa hapa."

"Nani, mimi? Mvuvi ananuka dagaa mpaka kwenye nywele."

"Kwani ng'ombe wenu wananukia marashi?"

Shangazi alicheka akiwa ameinama na ufagio mkononi. Alicheka kwa mwili mzima, mabega yakitangulia.

Jambo moja tu lilimuudhi bibi, nalo ni maji ya kunywa. Wanawake wa mwalo walichota katikati ya mitumbwi, penye kelele, magamba ya samaki na mafuta ya injini. Kwetu Nkololo maji yalitoka kwenye lambo, lile bwawa la kunyweshea mifugo, na kila mtoto alifundishwa kwamba upande wenye kwato na vurugu ni wa ng'ombe. Ya watu unayafuata upande wa pili, penye majani, ambako hayajatibuliwa. Bibi alilitazama ziwa akaliona lambo kubwa. Ghuba ilikuwa kimya, imezungukwa na matete, na maji yake yalionyesha mchanga wa chini.

"Bibi, huko sisi hatuchoti," jirani alimwambia, safari hii bila utani.

"Hamchoti kwa sababu ni mbali. Mmezoea kunywa maji ya kuoshea samaki."

"Mamba anakaa penye utulivu, mayu. Kelele anazikimbia."

"Nimechota maji tangu hujazaliwa."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka, na bibi akaona ameshinda. Safari ya mwaka ule yote tulikunywa maji safi ya ghubani, na yalikuwa matamu kweli.

Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Shangazi alichukua ndoo nyeupe akaenda. Mimi nilikuwa nageuza dagaa, nimeligeuzia ziwa mgongo. Jirani ndiye aliyeona, kwa sababu alikuwa amesimama juu ya mtumbwi anakunja nyavu. Nilisikia sauti yake ikipasuka, nikageuka, na nikaona ndoo ikielea karibu na matete. Hicho tu ndicho nilichokiona. Wavuvi waliingia na mitumbwi wakipiga maji kwa makasia mpaka jioni, kesho yake pia, na siku iliyofuata. Ziwa halikurudisha kitu.

Baba alipofika kutuchukua, jirani alimjia bibi na kuketi naye chini. Alisema pale mwaloni, ziwa likikaa na mtu, wanazika mgomba badala yake, ili matanga yaanuliwe na watu warudi kwenye kazi zao. Mume wake angeweza kukata mgomba hata siku ile.

"Mimi sikuzaa mgomba," bibi alisema.

Tulirudi Nkololo. Hakuruhusu matanga, wala kulia kwa sauti. Kando ya kaburi la babu aliacha nafasi, akaifagia kila asubuhi. Watu wakiuliza alijibu, "Amebaki ziwani." Kwa kinywa chake hilo lilikuwa neno la msiba, lakini kijiji kililisikia kivingine. Aliyebaki ziwani amebaki na mtu. Miaka ilivyopita wakampa mume, kisha watoto, kisha nyumba ya bati huko visiwani. Baba mdogo, aliyeachwa nyumbani kuchunga ng'ombe mwaka ule, alikulia ndani ya habari hiyo. Bibi amekufa, baba amekufa. Nilipombishia alinijibu kwa upole tu, "Wewe ulikuwa mtoto. Uliona ndoo."

Kwa hiyo nilimtafuta jirani. Niliuliza sokoni Lamadi, kwa wauza dagaa wenye mvi. Walikumbuka mwalo, walikumbuka ulivyohamishwa, lakini watu wake walitawanyika, wengine Musoma, wengine Ukerewe. Mke wa mvuvi mwenye sauti kubwa? Walicheka. Wote walikuwa na sauti kubwa.

Nilirudi kambini jioni nikamweleza msichana wa mapokezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kifuani.

"Pole sana, mama. Lakini siku hizi matete tumeyafyeka, mamba hawaji." Akatazama mahema, akashusha sauti. "Ila naomba usiwasimulie wageni."

Ghubani watu wawili walikuwa wanaogelea, na waliobaki ufukweni walikuwa wanawapiga picha. Nilibaki nimesimama mpaka wote wametoka majini. Kisha nikampigia baba mdogo, nikamwambia sikupata mtu, awaambie mafundi wakate mgomba, nami nitakuja kuuzika mwenyewe.

"Mafundi hawakungoja Jumamosi, wamemaliza jana," alisema. "Ile nafasi kando ya mzee tumeimwagia zege. Tumeweka benchi."