Tangi Nyuma ya Dereva

Fikirini alikuwa nahodha, na ole wake aliyemwita dereva. Dereva ni wa lori, alikuwa akisema, na lori likizimika unashuka, unanyoosha miguu, unaomba maji kwa watu. Boti ikizimika unashukia wapi? Boti yenyewe, tusiisingizie, ilikuwa kichombo cha bati kilichopakwa rangi mara nyingi mpaka ikawa rangi ndiyo inayoshikilia bati. Watu wa mradi fulani wa samaki walikuwa wameiacha pale mwalo wa Nkome walipofungasha virago, na kwa njia wanazozijua wafanyabiashara ikaishia mikononi mwa Mansukhlal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Geita. Ubavuni iliandikwa HARAKA. Kuku wangeweza kuogelea sambamba nayo.

Fikirini alikaa nyuma kabisa, injini ya dizeli mgongoni kwake, mkono kwenye usukani, akitazama visogo vya abiria. Hapo ndipo alipopapenda. Alikuwa mtu wa haya, maskini, na mahali ambapo unawaona watu wote bila yeyote kukuona wewe palimfaa. Na katika visogo vyote vya Nkome kulikuwa na kimoja. Kilikuwa cha Mwamvua, mjane, mama yake Shamimu, aliyevuka kila siku ya gulio kwenda visiwani kuuza hafkeki. Miaka mingi Fikirini alikijua kisogo hicho, na kidoa cheusi kilichochungulia penye ukingo wa kanga, na miaka mingi alikuwa na neno la kumwambia mwenye nacho. Lakini majini injini inanguruma, na nchi kavu Mwamvua amezungukwa na wateja. Tena, tuseme ukweli, alikuwa mwoga.

Sasa tangi la mafuta. Lilikuwa chini ya benchi la abiria, limeoza, linavuja. Ukipanda Haraka asubuhi, jioni mkeo anajua. Gulio moja Mwamvua aliteremka na beseni lake, akamgeukia.

"Nahodha, huko visiwani wananiuliza hafkeki zangu nazikaangia mafuta gani. Nikiulizwa tena, nakwambia kabisa, nahamia boti ya Pantaleo."

Weee! Fikirini hakulala. Boti ya Pantaleo ilikuwa mpya, na Pantaleo mwenyewe alikuwa na meno mazuri. Kulipokucha akadandia lori la dagaa mpaka Geita.

Mansukhlal alimsikiliza vizuri. Huyu bwana alikuwa hajawahi kuiona boti yake ikiwa majini, kwa sababu aliogopa maji kiasi kwamba mkewe, Induben, aliwaambia majirani kuwa hata kuoga anaoga macho kafumba. Lakini malori aliyajua.

"Nitakupa tangi zuri, na fundi," alisema. "Ila likae nyuma ya dereva. Malori yangu yote tangi liko nyuma ya dereva, na hakuna abiria aliyewahi kunuka."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fikirini aliposikia neno "dereva" damu ikamchemka, na hasira ikamziba masikio. Alitoka dukani akinung'unika, dereva, mimi dereva, na lile neno la kabla yake, "nyuma", likampita hivi hivi.

Fundi alifika baada ya siku chache. Alikuwa kijana wa Runzewe aitwaye Nkwabi, fundi wa malori hasa, na amekuja na tangi la lori lililokufa, limesuguliwa mpaka linang'aa.

"Shikamoo mzee," alisema. "Nyuma ya dereva ni wapi hapa?"

"Marahaba. Nyuma yangu? Nyuma yangu ni injini, kisha ziwa."

Nkwabi akalitazama ziwa muda mrefu, kana kwamba anatafuta pa kufungia bolti.

"Basi liweke mbele kule, pembeni kule, popote pasipo na mtu," Fikirini alimshauri.

"Yaya," alisema Nkwabi akitikisa kichwa. "Bosi kasema nyuma ya dereva." Alikuwa amewahi kufukuzwa gereji moja kwa kuongeza akili yake kwenye amri ya tajiri, na tangu hapo alikuwa ameapa kutoongeza wala kupunguza. Akaenda kula ugali na sato, akatafuna polepole, akarudi anacheka.

"Mzee, nyuma ya mtu si mgongoni kwake?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe ukigeuka?"

Fikirini alipiga kelele, alimwita mwendawazimu, alikwenda kumtafuta mwenyekiti wa mwalo, na mwenyekiti yuko msibani. Aliporudi, matundu yameshatobolewa. Na kazi, jamani, ilikuwa safi! Chini ya tangi kipande cha tairi lisisugue, juu mikanda ya chuma, mpira mpya wa mafuta, hewa imetolewa, injini ikawaka mara moja, hata tone halikuvuja. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Tangi lilikaa mahali pa magoti ya nahodha, kwa hiyo ili akae ilibidi mgongo wake uegemee tangi na uso wake utazame injini, na nyuma ya injini, kule walikotoka.

Siku ya gulio abiria walisimama mwaloni wakishika vichwa. "Hii inakwenda rivasi?" aliuliza mchimbaji mmoja. Fikirini alikuwa ameinama, amekwisha, anaiona boti ya Pantaleo ikijaa. Ndipo Mwamvua alipoingia, akanusa mara mbili, akanusa chini ya benchi.

"Hainuki," alisema. Akaketi kwenye ubao juu ya tangi, uso mbele, mgongo wake ukigusana na mgongo wa nahodha. "Twende. Mimi nitakuwa macho yako."

Fikirini nusura asahau kuwasha injini.

"Kulia!" alipiga kelele Mwamvua walipokaribia nyavu za watu. Fikirini akaenda kulia. Kulia kwake. Wakaingia nyavuni, wakatukanwa kwa Kisukuma na kwa Kizinza.

"Nimesema kulia!"

"Ndiyo hii kulia!"

"Kulia kwangu, siyo kulia kwako!"

Kuanzia hapo safari nzima ilikuwa hivyo. Kulia! Kwako au kwangu? Kwangu! Kushoto! Kwangu au kwako? Abiria waliitikia kama kwaya. Na Mwamvua alipocheka, Fikirini alikisikia kicheko mgongoni kabla ya masikioni, na hakuwahi kuwa na furaha namna ile. Siku nyingine aliongozwa na yeyote aliyekubali, na siku hizo alifika kwa huzuni. Siku za gulio alivaa shati safi, ingawa aliyeliona ni injini peke yake.

Lakini watu wana midomo. Habari zikafika Geita kwamba Mansukhlal ana boti inayoendeshwa kinyumenyume, na watu wakaja dukani kumcheka usoni. Akatuma ujumbe: tangi lipelekwe mbele, kiti kigeuzwe, na kazi ifanyike siku hiyo hiyo ya gulio, boti ikirudi kutoka visiwani.

Fikirini alipewa habari hizo asubuhi, wakati anasukuma boti majini. Angerudishiwa mbele yake, na kisogo cha Mwamvua, na ukimya wake wote. Akawasha injini, wakaenda kisiwani. Wakati wa kurudi mgongo wa Mwamvua ulikuwa pale pale, wa moto kwa jua, na Nkome inakaribia, na Nkwabi ameshasimama ufukweni na mkoba wa spana.

"Mama Shamimu!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Nini? Kulia, kulia, kuna matete!"

Neno lake la miaka yote lilipanda mpaka kooni, likaogopa, likarudi. Likatoka lile alilolizoea.

"Kwako au kwangu?"

Mgongo ukatulia. Kisha Mwamvua akapaza sauti kuishinda injini, boti nzima ikasikia.

"Fikirini! Kila gulio kwako, kwangu, kwako, kwangu. Lini utasema kwetu?"

Fikirini aliuachia usukani. Akainuka, akapanda juu ya tangi kwa magoti, akashukia upande wa pili mbele ya Mwamvua, na kwa mara ya kwanza majini akamtazama usoni.

"Leo," alisema. "Kwetu, leo, ukikubali."

"Nimekubali. Sasa nani anaendesha?"

Haraka ikaingia kwenye matete mpaka kiunoni, ikakohoa, ikazima. Kule ufukweni Nkwabi alifungua mkoba wa spana, akawatazama, akaufunga.