Swali la Dawa ya Kahawa

Mume wangu alipochaguliwa kuwa mbunge alikuwa mwalimu, na kahawa aliijua kwa kuiona tu. Shamba letu la Ihanda nililihudumia mimi. Kwa hiyo kabla ya kila kikao cha Bunge alinifuata jikoni na kuniuliza maswali kama mtahini: chulebuni, ule ugonjwa wa punje, unaanza lini, punje inageuka rangi gani, dawa ipigwe mara ngapi. Nami nilikuwa nimetoka kushinda na bomba la dawa mgongoni. Nilimjibu huku nikimenya viazi, mabega yakiniuma, yeye akiandika.

Dawa ilitakiwa kupigwa mvua zinapoanza mnamo Novemba, punje zikiwa bado changa. Kwetu ilifika ghalani Februari, wakati punje nyingi zimeshakuwa nyeusi na kudondoka. Nilikuwa na daftari la tarehe za mvua na siku dawa ilipofika, miaka mitatu mfululizo. Akalibeba mpaka Dar es Salaam.

Siku redio iliporusha maswali ya Bunge, tulikusanyika kwa jirani. Waziri alijibu kwamba dawa ya kutosha ilikuwa imeshapelekwa mkoani. Mume wangu akasimama na swali la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, dawa ikifika punje zimeshadondoka, Waziri anamshauri mkulima anyunyizie nini?"

Wabunge walicheka na kupiga meza. Kisha akaueleza ugonjwa hatua kwa hatua, akitaja tarehe zangu bila kukosea hata moja. Jirani aliniambia mbunge wetu ni mtaalamu kweli. Nikaitikia. Nilikuwa nimechoka, na maneno yalikuwa yamefika yalikotakiwa kufika.

Mwaka uliofuata dawa ilikuja Novemba. Tulivuna vizuri, na watu walikuja hata kutoka Igamba kumshukuru. Walinikuta nimesinzia kitini, nikawakaribisha na kupokea shukrani kwa niaba yake. Nilidhani jambo limekwisha.

Lakini mwaka baada ya huo malori yalikosa dizeli, dawa ikafika Machi. Mume wangu akaja tena jikoni na kalamu yake.

"Mama, nipe habari ya mwaka huu."

"Nakili ile ya zamani," nilimwambia. "Badilisha mwaka tu."

Nilidhani atakasirika, lakini aliketi kwenye kigoda akanakili ukurasa mzima. Bungeni waziri alikuwa mwingine, jibu lilikuwa lile lile. Alipouliza swali la nyongeza safari hii hakuna aliyecheka. Aliniambia baadaye kwamba wenzake wengine walikuwa wanasoma magazeti, na yeye mwenyewe, katikati ya kusema, alijisikia kama anasoma somo ambalo darasa zima limeshalikariri.

Aliendelea kuuliza, na dawa ikaendelea kuchelewa, mpaka muhula wake wa pili ukaisha. Hakugombea tena. Alishuka treni Tunduma miguu imevimba, akalala siku mbili.

Watu walizidi kumjia awasemee, huyu barabara, yule zahanati. Aliwasikiliza wote, kisha akawaambia kwa upole kwamba alichokijua alishakisema. Msimu ule tuling'oa mibuni ya upande wa chini tukapanda mahindi. Sikumwomba ruhusa, naye hakuuliza. Alikuja tu na shoka, akaanzia mstari wa mwisho, nami nikaanzia wa kwanza.