Mistari Mitatu ya Fundi

Katika uchaguzi wa kwanza baada ya Azimio la Arusha tuligombea ubunge watu wawili, mimi na fundi cherehani wa mtaa wa pili. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo hapakuwa na cha kushindanisha ila sisi wenyewe. Mimi nilipewa alama ya jembe, yeye nyumba. Nilikuwa nauza vitunguu Kariakoo kwa mizani moja, sijaajiri mtu, kama Azimio lilivyomtaka kiongozi, ndiyo maana nikapita kwenye mchujo.

Utaratibu ulikuwa mkali. Hakuna kuitisha mkutano wako peke yako, hakuna kumpikia mpiga kura pilau. Tulipakiwa wote wawili kwenye Landrova moja, kiti cha nyuma, goti kwa goti, msimamizi kakaa mbele na saa yake. Jukwaa moja, watu wale wale, kila mmoja dakika kumi na tano. Mchana tulikula sinia moja. Nikamtazama: anamega kidogo, upande wake tu. Nikasema moyoni, mtu wa namna hii hawezi kunishinda kwa maneno.

Na kweli hakuweza. Maneno ndiyo mtaji wangu.

"Jembe hapa Kariakoo, baba, tukalime lami?" mama mmoja muuza mchicha alinipigia kelele.

"Na huo mchicha wako, mama, uliota juu ya bati?"

Watu wakacheka, fundi naye akacheka. Mimi nilikuwa nahesabu vicheko, na nikifika nyumbani navihesabu tena. Ubunge ule niliutaka, sifichi. Nilishamwambia mke wangu atafute mtu wa kuchukua meza yangu sokoni.

Mkutano wa mwisho ulikuwa Jangwani. Mvua ilikuwa imenyesha, watu wamesimama topeni, viatu mkononi. Fundi alifungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Mikutano ya wiki nzima ilikuwa imeimaliza sauti yake. Msimamizi akasema dakika zake ni haki yake. Kama hawezi, mwingine amsomee. Watu wake wakatazama tope. Fundi akanigeukia mimi, akanipa karatasi.

"Bwana Vitunguu," akanong'ona, "nisomee. Usiongeze."

Ilikuwa na mistari mitatu. Ningeisoma, nikakaa. Lakini mimi siwezi kuona bidhaa nzuri imepangwa vibaya nikanyamaza. Ni ugonjwa. Niliitia karatasi mfukoni.

"Nani hapa mwanawe kashonewa sare na huyu?" Mikono ikainuka. "Mkifika nyumbani geuzeni pindo. Anaacha vidole vinne ndani. Mwakani mtoto akirefuka, unafumua, unashusha. Mwaka wa tatu unashusha tena. Na kwa pindo hilo hatozi hata senti. Nyie mnatafuta mtu wa kuwatazamia miaka mitano. Huyu anaufikiria mwaka wa tatu wa mtoto asiye wake, mkasi ukiwa mkononi."

Hakuna aliyecheka. Nikajua nimeuza.

Jioni mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, ulikwenda kugombea au kumposea mwenzio?"

Nilishindwa. Nikadai kura zihesabiwe upya. Zikahesabiwa, mara ya pili akaongeza mbili.

Alikaa bungeni vipindi viwili. Hakuwa msemaji. Aliomba mfereji wa maji ya mvua pale bondeni Jangwani, kila kikao, maneno yale yale, hadi ukachimbwa nusu. Nusu ya pili aliiomba mpaka siku aliyoangushwa. Kesho yake nikamkuta barazani kwake, mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Ndugu Mbunge, nilete kitambaa, au bado una kikao?"

"Lete. Ila wewe sikuachii pindo. Umeshaacha kurefuka."

Alifariki masika ya mwaka mmoja, maji yamejaa kwenye ile nusu isiyochimbwa. Wanawe wakaniomba niseme makaburini, maana mtaa mzima ulijua nani aliyempeleka bungeni. Watu wakasogea karibu, wakitegemea maneno. Nilikuwa nayo, mengi, nimeyapanga tangu alfajiri.

Mfukoni nilikuwa pia na ile karatasi. Nimeitunza miaka yote, kwa sababu mle ndimo mlimokuwa na kitu pekee alichowahi kuniomba, na sikukifanya. Wengi huniuliza kama najuta kuukosa ubunge. Hapo kaburini nilijiuliza mwenyewe, mara mbili, jibu likawa lile lile: hapana. Nikaikunjua, nikasoma:

"Mimi ni fundi. Mtaa huu mnanijua. Mkinituma, nitakwenda."

Nikaikunja. Safari hii sikuongeza.